UKALIMANI HOSPITALINI NI KAZI, ULIPWE

Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 50, yasema mshtakiwa asiyefahamu lugha ya korti apewe mkalimani bila malipo. Ni haki, nasi twaikubali. Lakini mgonjwa asiyesikilizana na daktari hupewa nani? Mara nyingi huitwa mfagiaji wa wodi, au mtoto wa mgonjwa mwenyewe.

Fikirini basi. Mama atamwambiaje mwanawe mambo ya uzazi? Atanyamaza, na daktari atabahatisha dawa. Naye mfagiaji hakufundishwa majina ya magonjwa wala kutunza siri za watu. Sisi wa reli twajua kwamba ishara ikisomwa vibaya, magari hugongana. Hospitalini vilevile: neno moja likipotea, vidonge vya siku tatu vyaweza kumezwa siku moja. Mfagiaji akifasiri vema hapati hata senti. Akikosea, lawama ni yake.

Hatusemi aache kumsaidia mgonjwa. Twasema kazi ni kazi. Kortini anayefasiri ni mtumishi mwenye mshahara. Wa hospitali naye afunzwe, aape kutunza siri, aandikwe na kulipwa. Kifungu cha 43 chatupa haki ya afya, na pasipo kusikilizana hakuna matibabu.

Lizungumzeni jambo hili katika mikutano ya matawi. Kisha kila tawi liulize hospitali ya kaunti yake: mkalimani wenu ni nani, na mshahara wake u wapi?