Koti la Pamba Lamfaa Mwendesha Baiskeli

Kila mvua za masika zinapokaribia, wengi wetu tunaokwenda kazini kwa baiskeli hukimbilia koti la plastiki au la nailoni kwa hoja kwamba halipitishi hata tone. Mimi nina rai tofauti. Nashikilia kwamba kwa mwalimu au mwanafunzi anayeendesha baiskeli kila siku, koti la pamba iliyofumwa kwa kubanwa sana ndilo chaguo la busara, mradi ajue namna ya kulichagua.

Mwendesha baiskeli hapambani na mvua peke yake. Mwili wake nao hutoa maji. Apandapo kilima hupata joto, jasho likamtoka, na mvuke wake ukatafuta njia ya kwenda nje. Ukizuiwa na plastiki, mvuke huo hugeuka maji na kulowesha shati. Hivyo basi, mwalimu hufika shuleni koti lake likiwa limeishinda mvua, ilhali yeye mwenyewe amelowa chapachapa na anatetemeka mbele ya darasa. Je, amepata faida gani? Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Pamba ina tabia ya kipekee. Unyuzi wake hunywa maji na kuvimba. Kitambaa kilichofumwa legelege hakifaidiki na uvimbe huo, kwani maji hupenya tu. Lakini nyuzi zikiwa ndefu na zimesongamana, huvimba na kuziba vitundu vilivyo baina yake. Wataalamu wa Shirley Institute mjini Manchester, Uingereza, walitumia siri hiyo kubuni kitambaa kiitwacho Ventile. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, vilivyopiganwa kati ya 1939 na 1945, marubani wa Uingereza walishonewa mavazi ya kitambaa hicho, maana aliyeanguka katika bahari ya barafu aliweza kufa kwa dakika chache. Walihitaji vazi la kuzuia maji baharini, lakini lisilowachemsha kwa jasho ndani ya ndege. Hitaji la mwendesha baiskeli halitofautiani sana na hilo.

Ipo pia pamba iliyopakwa nta. Hii huzuia mvua na upepo vizuri, ila ni nzito, haipitishi mvuke kwa wepesi, na nta yake yaweza kuchafua shati. Haifuliwi kwa maji moto wala sabuni. Hupanguswa kwa maji baridi na kupakwa nta upya mara kwa mara. Katika baridi ya Limuru au Nyandarua yaweza kufaa. Katika joto la Busia au nyanda za Kano, siipendekezi.

Haki itendeke: pamba ina kasoro zake. Mvua kubwa ikinyesha kwa muda mrefu, koti hulowa, likawa zito na gumu, na hukauka polepole. Siku ya gharika, mwenye hekima hujibanza kibandani mpaka mvua ipungue. Lakini siku nyingi za safari ni za manyunyu, upepo na baridi ya alfajiri, na hapo ndipo koti la pamba huonyesha ubora wake.

Ukienda kununua, dukani au sokoni kwenye mitumba, usidanganywe na maneno ya muuzaji. Kiinue kitambaa kwenye mwanga. Ukiona vitundu, kirudishe. Kiweke mdomoni upulize. Pumzi ikipita kwa urahisi, upepo na mvua navyo vitapita. Kisha inama kama mtu aliyeshika usukani. Mikono ifike kwenye vifundo na mgongo ufunikwe hadi kiunoni, lakini koti lisiwe refu hata likanaswa na gurudumu au mnyororo. Kagua mishono ya mabegani, kwa maana hapo ndipo maji hupenyea kwanza. Ukosi wa juu na kofia ya kawaida ni bora kuliko kofia kubwa iliyoshonewa kotini, ambayo humzuia mtu kuona gari linalomjia ubavuni.

Rangi nayo si suala la urembo. Saa kumi na mbili asubuhi barabara zetu zingali na giza, na dereva akiwa nyuma ya kioo chenye matone haoni vizuri. Koti jeusi au la buluu iliyokoza humficha mvaaji. Chagua rangi isiyokoza, kisha umwombe fundi cherehani akushonee mkanda unaoakisi mwanga mgongoni na mikononi.

Hapa nina ombi kwa walimu wakuu. Zipo shule zinazomkataza mwanafunzi kuvaa vazi lolote isipokuwa sweta ya sare, ambayo aghalabu ni ya rangi iliyokoza na hunywa maji kama sifongo. Mtoto anayesafiri kilomita kadhaa kwa baiskeli hufika amelowa, akakaa na unyevu huo mpaka adhuhuri, huku akitakiwa aelewe hesabu. Sare ina heshima yake, wala sitaki ivunjwe. Lakini heshima hiyo haipungui mwanafunzi akivaa koti lake njiani, akalivua langoni na kulitundika. Gharama ya shule ni misumari michache ukutani. Faida yake ni mtoto mkavu darasani, tena aliyeonekana na madereva barabarani. Naomba ruhusa hiyo itolewe kabla mvua hazijaanza, kwani tahadhari ni kabla ya hatari.