Watoro wa 1994 hawakufichwa na msitu

Na Rehema Mshana

Félicien Kabuga alikamatwa Mei 16, 2020 katika fleti huko Asnières-sur-Seine, kando ya Paris, alikokuwa akiishi kwa jina la uongo. Mashtaka dhidi yake yalikuwa yameandikwa tangu 1997. Kwa miaka 23, mzee huyo anayetuhumiwa kuigharamia redio ya RTLM, iliyochochea kuuawa kwa Watutsi nchini Rwanda mwaka 1994, alipita nchi kadhaa, Kenya ikiwamo, na hata ahadi ya Marekani ya dola milioni 5 haikumtoa mafichoni. Kesi ilianza The Hague Septemba 2022. Mwaka uliofuata majaji wakakuta akili yake imedhoofika mno kuweza kushiriki katika kesi, nayo ikasimamishwa bila kikomo. Manusura hawakupata hukumu. Naye, kama hana hatia, hakupata nafasi ya kusafishwa jina.

Tumezoea kusema watu kama hawa walijificha. Nasema walifichwa. Mtoro anayezeeka ughaibuni anahitaji nyumba, daktari, fedha na hati za kusafiria, na vyote hivyo vina mihuri na sahihi za watu. Nairobi ni ushahidi tosha. Baada ya mauaji ya kimbari, wakubwa wa serikali iliyoyasimamia waliishi humo miaka mitatu. Julai 1997 serikali ya Kenya ilipokubali kushirikiana na mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu Rwanda, iliyokuwa Arusha, washukiwa saba walikamatwa katika msako mmoja, akiwamo aliyekuwa waziri mkuu, Jean Kambanda. Mwaka uliofuata alikiri makosa yake Arusha na kufungwa maisha. Watu hao hawakuwa wagumu kupatikana. Kilichokosekana ni uamuzi wa wenye mamlaka.

Afrika Kusini nayo ilikawia. Fulgence Kayishema, inspekta wa polisi wa zamani, anatuhumiwa kuhusika na mauaji ya Nyange ya Aprili 1994. Watutsi zaidi ya 2,000 walikimbilia kanisani; wauaji wakajaribu kulichoma, kisha wakaleta buldoza na kuliangusha juu yao. Alishtakiwa 2001, akakamatwa Paarl Mei 2023. Kabla ya hapo mwendesha mashtaka wa Umoja wa Mataifa, Serge Brammertz, alikuwa amelalamika mbele ya Baraza la Usalama kwamba Pretoria haishirikiani naye.

Mei 2024 ofisi ya Brammertz ilitangaza kwamba watoro wawili wa mwisho katika orodha ya mahakama ya Arusha walikuwa wamekwisha kufa: wote 93 walioshtakiwa sasa wamejulikana walipo, au walikofia. Kuna hatari ya kudhani kazi imekwisha. Rwanda ina hati za mashtaka zaidi ya 1,000 ilizozipelekea nchi nyingine, na hakuna tena mahakama ya kimataifa ya kuwasaka wanaotajwa humo. Mzigo umebaki kwa serikali zinazowahifadhi, nyingi zikiwa za Afrika.

Wako wanaosema wazee hawa waachwe wafe kwa amani. Lakini uzee wao ndio faida waliyoivuna kwa kutoroka, na tukiukubali kuwa kinga tutamfundisha kila muuaji ajaye kununua muda.

Pingamizi zito ni lingine: kwamba haki hii ina upande mmoja. Ni kweli kwamba Arusha haikumshtaki mtu yeyote wa RPF, kundi lililoing'oa serikali ya wauaji, ingawa mauaji yaliyofanywa na askari wake yameandikwa na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa. Hilo ni deni, nami sitaki lifutwe. Ila deni la mmoja halimlipii mwingine, na waliofukiwa Nyange hawakuua mtu. Anayehofia kwamba Kigali haitatenda haki, kama majaji wa Uingereza walivyohofia mwaka 2017 walipokataa kuwarejesha watu watano, ana njia iliyo wazi: awashtaki yeye mwenyewe. Ubelgiji ilifanya hivyo tangu 2001 na Ufaransa tangu 2014. Sioni kwa nini Nairobi, Lusaka au Lilongwe zishindwe, wakati mashahidi wengi wako karibu nazo kuliko Paris. Aliyekuwa na miaka 35 mwaka 1994 sasa amepita 65, na faili lake la uhamiaji liko kabatini katika ofisi ya serikali fulani, likisubiri afisa aagizwe kulifungua.