Nilienda Zanzibar kuonyesha kosa langu



Kuko swali moja ninaulizwa tangu nirudi. Ninaulizwa ku grupu ya WhatsApp, ninaulizwa nyuma ya piki, na kaka yangu mkubwa ananiuliza kila asubuhi hata kama hafungui kinywa: ulienda Zanzibar kufanya nini? Shomeri mwenye lisanse ya uchumi, mwenye deni ya likelemba, anavuka ziwa na bahari juu ya mkutano wa watu wa kompyuta. Na wakati huo huo watu wa Kabambare wanalala msituni juu ya kuogopa risasi. Mwenzetu mmoja wa mapambano aliniambia wazi: "Weye ulienda kula biskuti." Nitajibu mara moja, kisha niseme kile kinatuhusu sote.

Mkutano unaitwa DjangoCon Africa. Ulikuwa tarehe 6 mpaka 11 Novemba 2023, mara ya kwanza watu wa Django kukutana hivyo katika bara letu. Django ni vifaa vya kujengea programu za mtandao, vimeandikwa kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Python. Ni ya bure. Kila mtu anaruhusiwa kuifungua, kuisoma na kuirekebisha. Na haikuzaliwa ku kampuni kubwa ya California. Ilianza 2003 ku gazeti la mji mdogo, Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani, na vijana wawili waliochoka kuandika upya mambo yale yale kila mara gazeti lilipotaka ukurasa mpya. Mwaka 2005 ikatolewa kwa watu wote. Jina walilichukua kwa mpiga gitaa, Django Reinhardt, mzaliwa wa Ubelgiji. (Ndiyo, hata huko Ubelgiji imetufuata.)

Miye nilijifunza Python kwa simu, miaka 2, na mega za usiku kwa sababu njo bei yake inawezekana. Kompyuta niliipata baadaye, ya mtumba, betri yake haikai dakika 20. Mama aliposikia ninaandika kodi alifurahi sana, akafikiri serikali imenipa kazi ya kulipisha watu. Nilichelewa kumweleza.

Nilikuwa natengeneza programu ndogo ya bei ya mchele. Mnajua namna inaenda: mtu wa kijiji anauza mchele wake kwa bei ambayo mnunuzi anasema, kwa maana hajui Kindu unauzwa ngapi, Kongolo unauzwa ngapi. Nilitaka watu watume bei kwa ujumbe, programu ipange siku kwa siku, kila mtu aone. Ilifanya kazi, lakini ilikuwa inasema uongo. Bei za Jumanne zilikuwa zinaingia Jumatatu. Si zote, kidogo tu, na kila usiku. Nilihesabu upya, nilifuta nikaandika tena, miezi 2 mizima. Kasongo sikuwa na mtu wa kumwonyesha. Wenzangu wa avenyi wananipenda, lakini ukiwafungulia ile skrini wanasema "felisitasyo" na wanaenda.

Basi nilipoona kwamba mkutano unakuja Zanzibar, na kwamba wana msaada kwa asiye na uwezo, niliomba. Wakaniondolea bei ya kuingia. Njia ilibaki yangu. Likelemba ilikuwa zamu yangu Oktoba, nikaichukua yote, na juu yake nikakopa.

Njia ile mnaijua hata kama hamjaipita. Piki mpaka Kongolo, halafu Nyunzu, Kalemie. Mashua mpaka Kigoma. Treni, Tabora, Dodoma, Dar es Salaam. Boti mpaka Unguja. Siku 11 za kwenda. Ujiji iko pale pembeni ya Kigoma, na pale njo nilielewa niko juu ya njia gani: ile ile ya misafara ya Tippu Tip, aliyezaliwa Zanzibar na kutawala akikaa Kasongo yetu. Kiswahili chetu kilikuja na njia ile. Na watu wetu walienda nayo, mnyororo shingoni, pembe ya tembo begani. Siku moja kisha vikao nilienda Mkunazini, mahali soko la watumwa lilifungwa 1873. Nilikaa nje kidogo. Sikuwa na la kusema, na hapa pia sitalirefusha.

Mkutano wenyewe, nitawaambia ukweli: nusu ya mazungumzo haikuwa yangu. Mtu anaeleza namna ya kukodi seva 40 kwa kadi ya benki, na miye sina kadi, sina benki. Yote kwa Kiingereza, na Kiingereza changu ni kile cha kusoma makosa ya kompyuta. Ninajua kusema "haikupatikana" na "hairuhusiwi", zaidi ya hapo ninatafuta. Kulikuwa na nafasi ya mtu kusimama dakika 5 aonyeshe kazi yake. Nilikaa ku mstari, nikahesabu watu 3 mbele yangu, nikatoka kama mtu anayeenda choo. Bado linaniuma.

Lakini wakati wa chai watu wanaongea Kiswahili. Niliposema "niko natafuta maji", wakacheka kidogo, kicheko kizuri, wakauliza lugha hii niliisoma wapi. Nikawaambia kwetu inaitwa Kingwana, na ilitoka hapa hapa kwenu. Dada mmoja wa Dar es Salaam akaniambia, kaka, hebu fungua hiyo laptopu yako. Nikafungua. Akauliza: hao watu wanatuma bei saa ngapi? Nikasema wengi saa sita ya usiku, kwa maana usiku rezo inakuwa afazali. Akanyamaza, akashuka ku faili ya mipangilio, akaweka kidole: "Africa/Kinshasa."

Nilikuwa nimenakili mpangilio ule kutoka video ya kijana wa Kinshasa. Sasa Kinshasa na Maniema hatuna saa moja. Kwetu ni saa ya Lubumbashi, tunawatangulia kwa saa nzima. Ujumbe wa Kasongo wa saa sita na nusu ya usiku, kwa programu yangu ilikuwa bado saa tano na nusu, siku ya jana. Akaandika "Africa/Lubumbashi", tukajaribu, bei zikakaa mahali pake. Dakika 10. Chai yake haikuwa hata imepoa.

Sasa mwenzangu wa biskuti anisikie vizuri. Nilikwama miezi 2 na nikatoka kwa dakika 10, na tofauti haiko akili. Yule dada hana kichwa kinapita cha kijana wa Kasongo. Ameishi tu mahali ambapo mtu anaweza kuonyesha kosa lake kwa mwingine, na yule mwingine akaketi. Njo kitu nilienda kutafuta bila kukijua. Hata siku za mwisho, za kuandika pamoja, watu wenye majina makubwa walikuwa wanakaa pembeni ya wanafunzi, wanasoma makosa yao mstari kwa mstari bila kucheka. Kijana mmoja wa Nairobi akanionyesha kwamba ndani ya Django Kiswahili kimo katika orodha ya lugha. Maneno yale ya Kiswahili yaliandikwa na watu wa kujitolea. Nilijiuliza mtu wa Kasongo angeandika neno gani pale, na kwa nini asiandike.

Kuhusu Kabambare, siwezi kusema programu inazuia risasi. Haizuii. Lakini kumbukeni Ushahidi. Januari 2008 Kenya ilikuwa inawaka kisha uchaguzi, na watu wachache wanaojua kuandika programu wakatengeneza kwa siku chache tovuti ya kukusanya ujumbe wa wananchi: hapa wamechoma nyumba, hapa wamefunga njia. Jina ni neno letu. Mwisho wa mwaka ule ule ikatumiwa mashariki ya Congo, na 2010 ikatumiwa Haiti kisha tetemeko. Sisi hapa tunaandika matangazo kila wakati kijiji kinachomwa, na kila mara takwimu zetu zinabishiwa kwa sababu hatuna tarehe, hatuna mahali, hatuna mpangilio. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu viongozi wetu wa harakati. Ninasema kwa sababu nimeketi katika mikutano ile na nimeona daftari zetu.

Na kampeni ya 2023. Wagombea walipita Kasongo, kila mmoja na shati zake na chumvi yake, na neno "numeriki" lilikuwa tamu mdomoni mwao. Tuwaulize basi, bila matusi, lakini tuwaulize.

Mwaka 2019 tuliambiwa kuko Mpango wa Taifa wa Numeriki, wa kufika 2025. Mtaani kwetu umeme ni sola ya mtu binafsi au jenereta ya mtu binafsi. Septemba 2020 wakaleta RAM, ushuru wa simu: dola 7 kwa mwaka kwa mwenye simu ya 3G au 4G, yaani simu ile ile ambayo kijana bila kompyuta anajifunzia. Ilifutwa 2022, na haikufutwa kwa huruma. Ilifutwa kwa sababu watu walipiga kelele, na vijana walikuwa mbele. Machi 2023 wakatoa Sheria ya Numeriki. Nilifikiri labda sasa. Tarehe 8 Septemba wakamkamata mwandishi wa habari Stanis Bujakera kule Kinshasa, na sheria ile ni kati ya zile walizomwekea. Alikaa gerezani Makala mpaka 2024. Waya haujafika kwetu, lakini pingu imefika.

Kuko tena jambo moja ambalo sitaki tulisahau. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja kisha uchaguzi, walikata intaneti nchi nzima, na ikakaa karibu wiki 3. Uchaguzi uliofuata ulikuwa tarehe 20 Desemba 2023. Mgombea yeyote anayetuambia numeriki, aseme mbele ya watu, hapa Kasongo, kwamba intaneti haitakatwa. Akikataa kusema, tumejua.

Na pasipoti. Tangu Julai 2022 Congo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Vizuri. Lakini mlango wa Jumuiya unafunguliwa na kitabu ambacho miaka mingi kiliuzwa dola 185, kikashushwa mpaka 99. Mwalimu wa shule ya msingi ahesabu mwenyewe ni mishahara mingapi. Nilikutana Zanzibar na vijana waliotoka mbali kuliko miye, waliofika kwa ndege kwa siku moja. Kutoka Congo hii kubwa, ndani ya Kiswahili hiki chetu, nilijitafutia wenzangu wa Maniema na sikuona hata mmoja.

Wengine wananiambia basi tuombe mkutano kama ule uje Kindu. Miye sisemi hapana, lakini sitaki tukae kuungojea. Mabango, mifuko, shati zenye jina la mkutano, vyote vile vinaweza kukosekana. Meza haiwezi kukosekana, na umeme wa saa 3, na watu wawili watatu wasioona haya kufungua kazi mbovu mbele ya wengine. Ile haya njo ngumu. Kwetu mwenye diplomi hakosei. Tumesoma miaka 5 tukinakili ubao, na aliyeuliza aliambiwa anasumbua somo. Miye mwenyewe nilikimbia mstari wa dakika 5, mmeshasikia.

Kaka yangu hajakubali bado, nisidanganye. Deni imebaki dola 140 na anajua hesabu. Lakini juzi alinijia na simu yake akauliza mchele wa Kongolo ni ngapi leo, nikamwonyesha, akaangalia tarehe kwanza.

Tunaanza Jumamosi hii, saa nane ya mchana, saa ya Lubumbashi, nyumbani kwetu, nyuma ya soko. Tuko watu 6, wawili ni wadada. Kompyuta ziko 2, sola ni ya jirani na amekubali mpaka saa kumi na moja. Mwenye simu tu aje na simu. Tutafungua kwanza kazi yangu, ile ya mchele, kwa maana kuko kosa lingine: mtu akituma bei kwa franka na mwingine kwa dola, inazijumlisha pamoja. Mwenye ralonji ndefu aniandikie kabla ya Ijumaa.