Tupakale Tena ao Tumwage Simenti?

Katika kartye yetu ya Bigo, kila mara familia inapopata feza kidogo swali ni lile lile: tupakale tena sakafu ya udongo, ao tumwage simenti? Hapo watu hugawanyika. Wamoja wanasema udongo na mavi ya ng'ombe ni mambo ya kijijini, ni aibu mbele ya mgeni. Wengine wanasema tusiguse mila ya mababu. Sisi tunawakatalia wote.

Kwa watetezi wa mila tunasema: mila haikuwa mavi ya ng'ombe, mila ilikuwa kazi. Udongo ulilowanishwa, ukapigwa hadi ukawa mgumu, kisha mama na mabinti walipakala upya mara kwa mara, nyufa zikafungwa, vumbi likalala. Leo nani anapakala? Ng'ombe wengi waliporwa katika vita vya 1999 hadi 2003, na mjini mavi hayapatikani bure. Tena wanaume wengi wanaosifu kupakala hawajawahi kuinama hata siku moja. Sakafu isiyopakalwa ni vumbi tu, na vumbi njo nyumba ya funza. Funza mwenyewe si wa mababu: alifika Angola kwa meli kutoka Brazili mwaka 1872, akaenea mpaka mashariki ya Afrika kabla ya 1900. Mwanafunzi anayechechemea mpaka darasani, hiyo tusiiite mila.

Kwa watetezi wa simenti tunasema: pavema nyembamba juu ya udongo usiopigwa, mchanga mwingi na simenti kidogo, inapasuka upesi. Ufa wa udongo unazibwa na mama kwa mkono. Ufa wa simenti unangoja masoni na feza. Simenti yetu inavuka mpaka kutoka Uganda, na kila mfuko unabeba gharama ya barabara na ushuru. Kuuza mbuzi wa feza za shule ili mgeni asifu sakafu, hiyo ndiyo aibu.

Basi tuamue namna gani? Kama udongo ungali mgumu na nyufa ni ndogo, tukwangue, tupige, tupakale, na wavulana washike kazi pia. Kama unamomonyoka, tumwage simenti, lakini juu ya changarawe iliyoshindiliwa, na tuinyweshe maji juma zima. Kama feza hazitoshi nyumba yote, tuanze na chumba cha watoto. Huko Meksiko, katika jimbo la Coahuila, serikali ilianza kuwamwagia maskini simenti mwaka 2000, na minyoo ya watoto wadogo ilipungua sana. Karibu zaidi, nchini Rwanda, shirika EarthEnable linashindilia udongo na kuupaka mafuta ya mimea yanayokauka, hata sakafu inadekiwa kwa maji. Kumbe udongo nao unaweza kwenda mbele!

Mgeni atakunywa chai, ataenda. Mtoto njo atalala hapo kila siku. Tuchague sakafu juu yake.