Kocha, mwache winga alale, ila asipitilize

Kuna winga mmoja wa ndondo hapa Mafiga, jina lake nalihifadhi. Saa 10 alfajiri yuko sokoni, anashusha kabichi na karoti zilizokuja na lori kutoka Mgeta. Saa 10 jioni siku hiyo hiyo anatakiwa awe uwanjani anamkimbiza beki. Katikati hapo kuna mchana wa Morogoro, na wenyeji mnaujua: joto linatua mjini, Uluguru mnaiona tu kwa mbali, kope zinakuwa nzito.

Juzi alikula ugali, akalala saa 7. Wenzake wakaja kumgongea mlango saa 9 na nusu. Alicheza kama anakimbia kwenye jaruba la mpunga. Dakika ya 30 kocha akamtoa, akasema mbele ya watu kwamba mchezaji anayelala mchana ni mvivu.

Hapo mimi na kocha tunapishana. Kosa la kijana si kulala. Ni kulala muda mbaya na kuamka dakika za mwisho.

Iko hivi. Dakika 20 hadi 30 za mwanzo, usingizi wa watu wengi bado ni mwepesi. Ukiamka hapo, akili imepumzika na mwili uko tayari. Ukizidisha, unazama kwenye usingizi mzito, na anayekuamsha huko anakuachia mang'amung'amu: macho yako wazi, miguu bado iko kitandani. Mzunguko mzima huchukua kama dakika 90. Winga wetu alilala saa mbili na nusu, kisha akakurupushwa nusu saa kabla ya filimbi. Angefanya nini?

Mwaka 2007 watafiti wa Liverpool, Uingereza, walichapisha matokeo ya vijana waliolala saa chache tu usiku, kama huyu wetu. Walipolala nusu saa baada ya chakula cha mchana, mbio zao za mita 20 zilishuka kutoka wastani wa sekunde 3.97 hadi 3.88. Unaweza kucheka, lakini hiyo ni kama nusu mita. Kwa winga, nusu mita ndiyo tofauti ya krosi na mpira wa kurusha.

Na kama kulala mchana ni uvivu, tumwite hivyo na Eliud Kipchoge. Huyo aliyekimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019 ana usingizi wa mchana kwenye ratiba yake ya kambini Kaptagat. Nani atathubutu?

Najua jibu la makocha wa mchangani: hawa si wa kambi, hawana vitanda wala feni. Kweli. Ndiyo maana nasema nusu saa, maana nusu saa haihitaji kambi. Mechi ikiwa saa 10, kula mapema, lala saa 7 na nusu, alamu ilie saa 8. Nawa uso, kunywa maji, tembea taratibu kwenda uwanjani. Mwenye nafasi na aliyekesha anaweza kwenda dakika 90, mradi aamke zaidi ya saa nzima kabla ya mechi.

Ila tusidanganyane. Nusu saa ya mchana hailipi deni la wiki nzima. Kijana anayelala saa nne kila usiku ataumia tu, hata ukimwekea alamu tatu.

Jina la mtaa wetu lenyewe linafundisha. Mafiga huwa matatu, na ya mchezaji ni mazoezi, chakula na usingizi. Sisi tunasimamia la kwanza kwa fimbo, la pili kwa mchango, la tatu tunalitukana. Halafu tunashangaa chungu kimemwagika.

Kocha, Jumapili hii wape vijana nusu saa chini ya mwembe, na simu moja yenye alamu. Yule winga mwanzishe. Akichemka tena, mtoe, na mimi nitanyamaza.