Mambo ya Nyumbani: Karanga za Sukari na Viungo

Mwezi huu twataka kusema habari ya kitu kidogo: karanga zilizovikwa sukari na viungo, kitafunio kipitacho barazani pamoja na kahawa, kitiwacho katika mifuko ya watoto waendao chuoni, na kiwekwacho mbele ya mgeni kabla chakula hakijawa tayari. Mabibi wa Moshi mjini na wa huko juu mlimani wametuandikia zaidi ya mara moja. Mmoja auliza kwa nini zake hushikamana zikawa bonge moja. Mwingine asema sukari yake yote hubaki chini ya sufuria. Wa tatu, naye akaa Kibosho, asema zake hupendeza siku ya kwanza, na siku ya tatu zikawa kama zimenyeshewa mvua. Maswali hayo yana majibu, nasi tutayatoa. Lakini liko swali jingine ambalo hatukuulizwa, na kwetu sisi ndilo la kwanza: hizo karanga zenyewe ni karanga gani?

Hatusemi Karanga ya Moshi. Mgeni wa mji ule akisikia mtu asema anakwenda Karanga, asidhani anakwenda kununua njugu. Karanga ni mto uteremkao kutoka mlimani, na gereza lililo karibu yake lachukua jina hilo hilo. Karanga yetu sisi ni njugu nyasa, mmea uliotoka Amerika ya Kusini ukavuka bahari katika zama za Wareno. Njugu ya asili ya Afrika ni njugu mawe, ambayo bibi zetu waliichemsha kabla ya hii nyingine kufika. Hata hivyo mgeni huyu amekuwa mwenyeji, na katika Tanganyika amewahi kuwa na habari kubwa mno. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, ikitafuta mafuta ya kula baada ya vita, ilianza kulima karanga kwa matrekta huko Kongwa, na halafu Urambo na Nachingwea. Mvua ikawa haba, udongo wa Kongwa ukawa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, mashine zikavunjika, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kupotea fedha ipatayo pauni milioni 36. Wakulima wa Dodoma, Tabora na Shinyanga, kwa jembe la mkono, waliendelea kulima karanga zao na hata leo wanalima.

Basi karanga zitokazo huko husafiri. Hukaa ghalani, hukaa katika magunia juu ya malori, hukaa tena sokoni, Mbuyuni au Kiboriloni, mpaka zimfikie mnunuzi. Katika safari hiyo, ikiwa zilivunwa na kuwekwa kabla ya kukauka sawasawa, au zilipatwa na mvua njiani, huota kuvu. Na baadhi ya kuvu hizo hutoa sumu ambayo wataalamu wetu huiita sumukuvu. Sumu hii ilijulikana mwaka 1960, walipokufa bata mzinga zaidi ya laki moja katika Uingereza. Ilipochunguzwa, ikaonekana wamelishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Tangu hapo imethibitika kwamba yadhuru ini la binadamu, na kwamba mtu aliyeila kidogo kidogo kwa miaka mingi yumo katika hatari ya saratani ya ini. Akila nyingi kwa mara moja, yaweza kumwua. Hapa Tanzania mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya kati, wengi wao wa Dodoma na Manyara, kwa sumu hiyo hiyo, na iliwapata hasa katika mahindi.

Twaeleza haya kwa urefu kwa sababu karanga za sukari zina jambo moja ambalo karanga za kuchemsha hazina. Karanga ya kuchemsha ikiwa mbovu, ulimi huijua mara moja nawe huitema. Lakini ukiivika sukari, ukaitia iliki na mdalasini, uchungu wake hufunikwa na rangi yake haionekani tena. Mwuzaji asiye mwaminifu aweza kutumia karanga ambazo asingeweza kuziuza zikiwa wazi, na mtoto atazila kwa furaha. Kila aliyepita chuoni akijua kisa cha Mtume (S.A.W.) sokoni, alipotia mkono wake ndani ya rundo la chakula, na vidole vikakuta unyevu uliofichwa chini. Hatuwezi kuvitia vidole vyetu ndani ya kila kifuko kiuzwacho stendi. Wala hatusemi wauzaji wote ni wabaya; wengi wao ni akina mama waaminifu wanaosomesha watoto kwa biashara hiyo. Twasema tu kwamba atengenezaye nyumbani huziona karanga zake kabla hazijavaa nguo, na faida hiyo yashinda hata ile ya kupunguza gharama.

Kwa hiyo kazi ya kuchagua isipewe mtoto mdogo kama mchezo, wala isifanywe usiku kwa taa hafifu. Zimwage karanga juu ya ungo au kitambaa cheupe mchana, mahali penye mwanga. Ondoa zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizobadilika rangi, na kila yenye vumbi la kijani, la manjano au jeusi. Ukiipasua moja katikati ukaona weusi moyoni mwake, zitazame kwa makini zaidi wenzake wa gunia lile. Harufu ya uvundo yatosha kuzikataa zote. Hatudai kwamba jicho huona kila kitu, maana sumu yenyewe haina rangi wala harufu. Lakini sehemu kubwa yake hukaa katika zile punje mbovu, na azitoaye hupunguza hatari sana. Kukaanga hakuimalizi sumu hii, na viungo haviigusi kabisa. Afadhali zaidi kununua karanga zenye maganda yake, kavu, zinazolia ukizitikisa, na kuzimenya mwenyewe.

Na zile ulizozitoa zitakwenda wapi? Hapo ndipo nyumba nyingi za mlimani hukosea. Karibu kila kihamba kina kuku, na wengi wana ng'ombe wa maziwa afugwaye zizini. Mama aona ni israfu kutupa, akawamwagia. Kuku hudhurika kama wale bata mzinga wa Uingereza. Na ng'ombe alaye sumukuvu huipitisha katika maziwa, nayo hurudi mezani katika kikombe cha mtoto. Punje mbovu zichomwe moto au zifukiwe.

Sasa tuingie jikoni. Twaa vikombe viwili vya karanga mbichi zilizochaguliwa, na ngozi yake nyekundu iachwe, kwa kuwa ndiyo ishikayo sukari. Sukari kikombe kimoja, maji nusu kikombe, chumvi robo ya kijiko cha chai. Wana Moshi hawaendi mbali kwa sukari. Kiwanda cha TPC kiko huko Arusha Chini tangu miaka ya 1930, na miwa yake hunyweshwa maji ya mito iliyo karibu. Viungo ni iliki punje sita au saba, mdalasini wa unga nusu kijiko cha chai, na tangawizi kavu robo kijiko. Apendaye ukali aongeze pilipili manga kiasi cha ncha ya kisu. Tangawizi njema hupatikana jirani, katika milima ya Upare huko Same. Iliki hulimwa Usambara ya Mashariki, pande za Amani. Tunawasihi mnunue viungo vizima mkavitwange wenyewe, maana unga wa dukani hauna wa kuushuhudia ulitokana na nini.

Tia karanga, sukari, maji na chumvi pamoja katika sufuria nzito. Ile nyepesi ya bati iachiwe kazi nyingine, kwa sababu huunguza sukari kabla karanga hazijaiva. Weka juu ya moto wa wastani, na koroga mara kwa mara kwa mwiko wa mti. Itachemka, itakuwa nzito, na mapovu yatakuwa makubwa na ya polepole. Tangu hapo usiache kukoroga hata kidogo. Ghafula utaona maji yamekwisha na sukari imegeuka kuwa nyeupe kama mchanga, imezishika karanga kwa ukavu. Wengi hapa hushituka, wakadhani chakula kimeharibika, wakaongeza maji. Usiongeze. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Punguza moto. Kwa jiko la mkaa, toa makaa mawili matatu au yafunike kwa majivu. Nyunyiza viungo wakati huu, wala si mapema, maana mdalasini na iliki vikichemka tangu mwanzo harufu hutoka na mvuke, na vikiungua huleta uchungu. Endelea kukoroga kutoka chini kwenda juu. Ule mchanga wa sukari ulio chini utaanza kuyeyuka tena, uwe wa rangi ya asali, nawe uupandishe juu ya karanga ili zing'ae. Utazisikia zikialika kidogo. Hiyo ni dalili kwamba zaiva ndani. Zikiwa nusu zang'aa na nusu zina chembechembe, ziepue, uzimwage juu ya sinia lililopakwa mafuta kidogo, na uzitenganishe upesi kwa vijiko viwili. Wako watumiao jani la mgomba lililopashwa moto. Kwa kashata latosha. Kwa hizi twaliona lina unyevu mwingi, na sinia kavu ni bora.

Basi mama ambaye zake hushikamana, ameziacha motoni mpaka sukari yote ikayeyuka, au amechelewa kuzitenganisha. Yule ambaye sukari yake hubaki chini, moto wake ni mkali mno tangu mwanzo, au aliacha kukoroga ule wakati wa mchanga.

Wako pia mabinti waliosoma, wafuatao vitabu vya mapishi vya Ulaya na kupima sukari kwa kipimajoto. Kwa watu wa mlimani liko jambo la kuangalia. Kadiri mtu apandavyo juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Pwani huchemka kwa nyuzi 100. Moshi mjini, palipo kama mita 800, ni karibu nyuzi 97. Na juu Marangu, mahali papitapo mita 1,400, ni karibu 95. Sukari iliyochanganywa na maji hufuata kanuni hiyo hiyo. Kitabu kikisema subiri mpaka nyuzi 120, mtu wa Moshi na apunguze tatu, wa Marangu apunguze tano, ama sivyo itakuwa ngumu kupita kiasi. Sisi twaliamini zaidi jicho na mwiko.

Watoto wakae mbali na sufuria hii. Sukari iyeyukayo ina moto kuliko maji yachemkayo, na ikimrukia mtu hunata juu ya ngozi na kuendelea kuunguza. Tena mtoto aliye chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima kwa hali yoyote, hata akililia. Hupaliwa, na karanga ikiingia katika njia ya pumzi aweza kufa mbele ya macho ya wazazi kabla ya kufika hospitali. Mtwangie zisizo na sukari mpaka ziwe laini kabisa, mtie katika uji. Wazee wenye kisukari wakaangiwe zao peke yake, kwa chumvi, tangawizi na ndimu. Na mgeni aulizwe kabla ya kukaribishwa, kwa kuwa wako watu ambao karanga moja tu huwavimbisha midomo na koo.

Ukishatoa fungu la nyumbani, fungu la jirani lisisahauliwe. Katika mlima huu ukoo mmoja huwa na Waislamu na Wakristo chini ya babu mmoja, na sahani ya Idi hupita kihamba hata kihamba. Na mwezi wa Desemba, wana wa nyumbani warudipo kutoka Dar es Salaam na kwingineko, sahani hupita tena. Karanga hizi zafaa kwa safari hizo kwa sababu hazimwagiki wala hazichachi upesi.

Limebaki swali la mama wa Kibosho. Sukari huvuta unyevu wa hewa, na huko juu wakati wa masika, kuanzia Machi mpaka Mei, ukungu huingia mpaka ndani ya kabati. Karanga zilizokaa wazi mjini siku mbili bila kudhurika, mlimani hunata kwa usiku mmoja. Ziache zipoe kabisa kwanza, kwa maana zikifungiwa na joto lake hutoa jasho ndani ya chombo. Kisha zitie katika chupa au kopo lenye kifuniko kinachobana, chombo kiwe kikavu, na kila atoaye atumie kijiko kikavu, wala asitie mkono. Pika kidogo kidogo, za juma moja au mawili. Zikianza kunata zirudishe sufuriani juu ya moto mdogo kwa dakika chache huku ukikoroga, uzitandaze tena zipoe, nazo zitakuwa kavu. Zikionyesha kuvu au harufu ya uvundo, hizo zisirudishwe popote. Njia yake ni ile ile ya punje mbovu.