Ajali ya Njiani Huanzia Kazini

Mtu akigongwa na gari alfajiri akielekea kiwandani, au akianguka na baiskeli usiku akirudi nyumbani, aghalabu watu humlaumu dereva, mvua au barabara mbovu. Pengine wana haki. Walakini yafaa kuuliza pia: je, kazi yenyewe haikuwa na sehemu katika ajali hiyo?

Chanzo cha kwanza ni uchovu. Mfanyakazi wa zamu ya usiku hutoka asubuhi, mwili ukidai usingizi, na papo hapo hushika usukani. Uchunguzi uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekesha saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi wa jicho na mkono sawa na mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Tena, mwaka 2005 ilichapishwa habari ya madaktari wanagenzi 2,737 wa Marekani: walipotoka katika zamu ya saa 24 au zaidi, hatari yao ya kupata ajali ya gari njiani ilizidi maradufu kuliko baada ya zamu fupi.

Chanzo cha pili ni haraka. Mwajiri akatapo mshahara kwa kuchelewa dakika chache, humfundisha mtu kuvuka barabara mbio, kudandia matatu inayokwenda na kumhimiza mwendesha bodaboda. Naye abakizwaye kazini hata giza likaingia, hulazimika kutembea kando ya barabara isiyo na taa. Chanzo cha tatu ni fikira nyingi: aliyekaripiwa na msimamizi wake jioni, miguu yake i barabarani, moyo wake ungali ofisini.

Nchi nyingine zililitambua jambo hili zamani. Ujerumani iliingiza ajali za njia ya kazini katika bima ya wafanyakazi mwaka 1925. Katika Kenya, sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini humhesabu kuwa yumo kazini yule achukuliwaye kwa gari lililotolewa na mwajiri kwa ajili hiyo. Apandaye matatu hamo katika kifungu hicho. Akiumia, mara nyingi mzigo huwa wake na wa jamaa zake.

Basi kinga ni bora kuliko tiba. Mwajiri mwenye busara hupanga zamu zisizomnyima mtu usingizi, huwatafutia gari watokao usiku, na husamehe dakika kumi za mvua. Mfanyakazi naye aondoke nyumbani mapema, avae nguo nyeupe gizani, na akisinziwa asiendeshe. Dakika kumi zilizopotea hulipwa kesho kwa kazi. Mguu uliovunjika haulipwi kwa urahisi hivyo.